TAHADHARI: Muuza mashine za kahawa ya espreso za mtumba Ngamiani ni tapeli

Jamani wana Tanga, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Yule bwana wa Ngamiani niliyeelekezwa kwake na Mwanaidi (Mwanaidi, tutaongea) kaniliza.

Nilimfuata mchana, Ramadhani hii hii. Kanikaribisha kiti, kawasha mashine, namba kwenye kile kioo cha mbele zikaanza kupanda: 60, 75, 88, zilipofika 93 zikatulia tuli. "Dada, hii nimeifunga PID, kidhibiti joto cha kielektroniki, joto haliyumbi." Akafungulia mvuke, ukajaa duka zima. Sasa espreso inataka maji ya nyuzi 90 mpaka 96, hilo nalijua, na 93 naiona kwa macho yangu. Ningebisha nini? Kuonja haiwezekani, nimefunga, na yeye kafunga, tasbihi mkononi: "Mimi na saumu yangu nikudanganye?" Nani angekataa hapo? Nikamtumia hela palepale kwenye simu, ile yote ya mchezo.

Baada ya futari nikatengeneza. Kikombe cha kwanza kichachu mpaka meno yakafanya ganzi. Kilichofuata kimeungua, chungu shubiri. Kahawa ileile ya Lushoto, nimeisaga vilevile! Kioo nacho kimeganda 93, ikizidi sana 94, hata maji ya baridi yakiingia kwenye boila.

Nikamwita fundi friji wa mtaani. Kufungua tu akaangua kicheko, aibu nikaona mimi. Kile kioo ni kipimajoto basi, hakijaunganishwa na hita popote! Kihisio chake kimeviringishwa utepe mnene, hakisikii maji yanavyopanda na kushuka joto. Hita inaendeshwa na thamostati ya zamani iliyochoka, inakata maji yameshapitiliza, inawasha yameshapoa. Na fyuzi ya joto, ile ya kuzuia mashine isiwake moto, kaing'oa akaunga waya mtupu. Nina watoto ndani mimi!

Nampigia hapokei, halafu kaniblock. Mtu wa kuwekwa ndani huyu, Idi aifungulie mahabusu. Polisi naenda, na hela yangu atatapika.

Mkienda kwa wauzaji wa hivi, vuteni maji mengi mfululizo mkiangalia namba, isiposhuka hata kidogo ondokeni. Mvuke usiwahadae, mara nyingi una thamostati yake. Na kifuniko kifunguliwe mbele yenu, akianza visingizio mmeshamjua.

Anayemfahamu mwenye ile fremu anayompangisha anitafute, leo hii.