Kutuma Kura Marekani kutoka Arusha: Huduma Nzuri, Kaunta Isiyojua

Mume wangu ni Mmarekani wa jimbo la Wisconsin anayefundisha hapa Arusha, na kila uchaguzi wa kwao unapofika, kazi ya kuipeleka bahasha yake mjini huniangukia mimi. Oktoba 2024 tulitumia kampuni moja ya kimataifa ya vifurushi, ambayo usafirishaji wake ni wa kuridhisha, lakini ambayo kaunta yake humwachia mteja mambo yote ya kura ayajue mwenyewe.

Sheria ya Marekani inazitaka ofisi za uchaguzi kuwapelekea wapiga kura walio ng'ambo karatasi zao angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, mradi wawe wameomba mapema. Kwa uchaguzi wa tarehe 5 Novemba, siku hiyo iliangukia 21 Septemba. Ya mume wangu ilikuja kwa barua pepe, lakini haiwezi kurudi kwa njia hiyo. Yapo majimbo yanayokubali kura ya barua pepe, na yapo yanayotazama mhuri wa posta. Wisconsin hutaka karatasi yenyewe iwe imefika kwa karani wa manispaa kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi, yaani saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake kwa saa za Arusha. Ubalozi wa Marekani ulioko Dar es Salaam nao hupokea bahasha hizi na kuzisafirisha, ila njia hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa, nasi tulikuwa tumeshachelewa.

Nilifika kaunta Jumatatu, 14 Oktoba, nikakuta mlango umefungwa, kwani nilisahau kabisa kuwa ni Siku ya Nyerere. Jumanne nikarudi.

"Shikamoo mama. Kumbe kura nayo inatumwa kwa kifurushi?" aliuliza binti wa kaunta, na sikumlaumu, kwa sababu huku kwetu mtu hupiga kura kituoni alikojiandikisha. Tatizo ni kwamba alikwishashika mkasi ili aifungue bahasha na kukagua kilichomo, kama utaratibu wao unavyodai. Bahasha ya ndani, yenye sahihi ya mume wangu pamoja na sahihi na anwani ya shahidi, haipaswi kufunguliwa na mtu mwingine isipokuwa maofisa wa uchaguzi. Tulibishana kwa adabu mpaka msimamizi alipokuja, akakubali kukata ile ya nje tu, akaipapasa ya ndani kwa vidole, kisha akaandika "nyaraka" kwenye fomu. Likazuka la pili: anwani tuliyoandika ilikuwa ya sanduku la posta, ambako kampuni za vifurushi hazifikishi mzigo. Nikampigia mume wangu simu, akanitafutia mtaa na namba ya jengo la karani.

Niliahidiwa siku nne za kazi. Bahasha ilikaa Dar es Salaam siku mbili bila maelezo yoyote, ikafika Alhamisi, 24 Oktoba, na jina la aliyeipokea likaonekana kwenye namba ya kufuatilia. Gharama ilikaribia laki mbili, ambayo kwa karatasi chache ni maumivu.

Kati ya nyota tano natoa tatu. Kwa uchaguzi wa 3 Novemba 2026 tutarudi kaunta ileile, ila mwishoni mwa Septemba, na bahasha ya nje ikiwa bado haijatiwa gundi.