Uzoefu wangu: huoguo ya Chengdu, chungu cha mafuta mekundu

Huoguo ni chungu cha mchuzi kinachochemka katikati ya meza, na mnajipikia wenyewe nyama na mboga humo. Naanza na maksi kabisa. Chakula nakipa nyota nne kati ya tano, huduma tatu, na pilipili haikuwa shida niliyoambiwa. Kila aliyesikia nakuja kusoma Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan nchini China, alinitisha kwa pilipili za Sichuan. Mimi pilipili mbuzi natafuna mbichi, kwa hiyo vitisho havikunifika. Yaliyonishangaza ni mambo mawili ambayo hakuna aliyeyagusia: midomo kufa ganzi, na nyama kupendwa kwa jinsi inavyolia chini ya meno kuliko ladha yake.

Mgahawa wenyewe uko mtaa wa nyuma, karibu na chuo. Ni wa aina ile ambayo Ijumaa jioni unachukua namba, unakaa nje kwenye kigoda cha plastiki na kutafuna mbegu za alizeti za bure hadi uitwe. Ndani kuna kelele kama sokoni, mvuke umetanda, na wanakufunga aproni. Ikubali hiyo aproni. Kuagiza ni kwa simu: unaskani msimbo wa QR uliobandikwa mezani, menyu inafunguka ndani ya WeChat, ile programu ya simu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, yote kwa Kichina ila ina picha. Nyota ya huduma ilianza kupotea hapo, kwa sababu ukimwita mhudumu umuulize kitu, anakunyooshea kidole kwenye simu yako. Halafu chai na tishu zinahesabiwa kwa kila kichwa, na utaziona kwenye bili tu.

Sisi tulikuwa watu wanne, wawili wenyeji wa hukohuko, tukachagua chungu kilichogawanywa katikati: upande mmoja mwekundu, upande wa pili mchuzi mweupe wa uyoga. Upande mwekundu unakuja na kipande kigumu cha mafuta ya ng'ombe kilichogandishwa pamoja na pilipili kavu, tangawizi na viungo vingine. Moto ukiwashwa chini ya meza, kile kipande kinayeyuka taratibu na harufu inapanda. Nawaambia mapema mliozoea kumalizia supu na bakuli: upande mwekundu haunywewi. Kazi yake ni kupikia.

Sasa ganzi. Inatokana na huajiao, vijiganda vya tunda dogo vinavyoelea kwenye mafuta. Sio pilipili manga wala pilipili tunazozijua. Mti wake uko ukoo mmoja na michungwa na milimau, na ukinusa kiganda kimoja utaamini. Ukikitafuna, ulimi unaanza kutetemeka, maji yanakuwa na ladha ya ajabu, midomo unaisikia kama si yako. Mwaka 2013 watafiti wa University College London walipima mtetemo huo wakakuta uko karibu na mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo si mawazo yako. Mwanzoni nilidhani nina mzio. Mwenzangu wa darasani alicheka, akanisogezea maziwa ya soya ya baridi. Hayo yasaidia kuliko maji, maana ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Baada ya muda ganzi ile inaanza kunoga, na pilipili yenyewe inapungua makali. Hapo ndipo nilipowaelewa watu wa mji huu.

Utumbo ndio ulionirudisha mara ya pili. Kwetu utumbo unachemshwa masaa hadi ulainike. Huku ule wenye kurasa kurasa unashikwa kwa vijiti, unachovywa na kuinuliwa mara saba au nane, kama sekunde 15, basi. Ukizidisha unakuwa mpira. Ukipatia, unakatika mdomoni kwa mlio mkavu, safi, bila harufu yoyote. Matumbo ya bata nayo ni hivyo hivyo: yakijikunja tu, toa. Kuna pia mshipa mkubwa wa damu uliokatwa vipande, ambao kwa kweli hauna ladha yake yenyewe, lakini mlio wake! Damu ya bata iliyoganda nilionja kipande kimoja. Ni laini kama tofu, na sijaihitaji tena. Ubongo wa nguruwe ulipita meza ya jirani, nikautakia safari njema.

Kila mtu anapewa bakuli la mafuta ya ufuta, unajiongezea kitunguu saumu kilichopondwa, giligilani na siki kidogo. Niliona kichekesho kutoa nyama kwenye mafuta na kuichovya kwenye mafuta mengine, lakini yale ya ufuta ndiyo yanayoipoza na kuvua ukali wa nje. Usiyaruke. Mboga za majani zipeleke upande mweupe, kwa sababu upande mwekundu zinafyonza pilipili yote, na jani moja la spinachi linaweza kukukohoza kuliko sahani nzima ya nyama. Viazi viingie mwisho, vinachafua mchuzi.

Waislamu, huu sio mgahawa wenu: nguruwe yumo kwenye menyu, damu imo, na mafuta ya chungu hayana uthibitisho wa halali. Rafiki yangu Mzanzibari hula kwenye migahawa ya Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, karibu na msikiti wa Huangcheng, eneo la Tianfu Square. Tafuta maandishi ya 清真, yaani halali, mlangoni. Asiyekula nyama naye asidanganyike na upande wa uyoga, aulize kwanza, maana mara nyingi mchuzi mweupe umeanza na mifupa.

Bei ilituangukia kama yuani 90 kila mmoja, tukiwa tumeshiba kupita kiasi. Kwa bajeti ya mwanafunzi si chakula cha kila wiki; kantini ya chuo inakulisha siku kadhaa kwa hela hiyo. Ila sahani nyingi zinauzwa pia nusu, jambo ambalo wageni hawalijui, na kwa nusu nusu mnaonja vitu vingi bila kutupa. Nendeni watatu au wanne, mmoja wenu awe anasoma Kichina. Agizeni mapema bingfen, ile jeli baridi yenye sharubati ya sukari guru, kabla hamjaanza kuihitaji. Na koti zuri liache bwenini, harufu ya yale mafuta haitoki kwa kuning'iniza dirishani. Mimi langu lilibidi lifuliwe mara mbili.