TAHADHARI: Msinunue "hamoniki" ya yule bwana wa Malindi

Mafundi wenzangu, naandika haya nikiwa na hasira na haya, vyote viwili. Nimeliwa shilingi 31,500 kwa giaboksi, mimi ninayewapigia wengine kelele kila siku kwamba pimeni kwanza.

Mashine yangu ya kuchonga nakshi kwa kompyuta mwaijua, na habari ya kuitia mhimili wa kuzungushia mti mumeichoka tangu Mfungo Tatu. Mkia, ule wa kushikilia ncha ya pili ya mti, niliuunda mwenyewe kwa beringi mbili na bolti. Chaki ya meno matatu, ile inayobana mti, ninayo, mota ya hatua ya kipimo cha Nema 23 ninayo. Ilibaki giaboksi tu, ya kupunguza mwendo wa mota, na nzuri kwa nakshi ni hamoniki, ya gia inayonyumbuka, kwa kuwa meno yake hayaachi nafasi ya kucheza. Yule bwana akatangaza: "Hamoniki, 50 kwa 1, haichezi hata chembe."

Nikavuka na boti ya alfajiri, nikashika basi Mokowe hadi Malindi. Nikamkuta kwenye baraza, meza imetandikwa kitambaa cha samawati, kitu chenyewe kinang'aa rangi nyeusi. Akafunga kipande cha mwembe, akawasha kwa kiboksi chake mwenyewe cha kuendeshea mota. Mti ukazunguka polepole, kimya. Akaniambia, "Shika sheikh, uzuie ukiweza." Nikaushika kwa mikono miwili, ukanikokota. Akacheka, nami nikacheka. Kile kicheko ndicho kinachoniuma hadi leo, maana mfukoni nilikuwa na saa ya kupimia uchezaji, nimeifunga kwenye leso, na sikuitoa. Niliona nitamvunjia mtu heshima.

Na msinicheke. Alisema, "Nipe nusu, nusu nyingine ukifika Lamu ukiridhika." Mtu anayekukataza kumlipa yote utamshuku vipi? Adhana ya adhuhuri ikatoka, tukaswali safu moja, bega kwa bega. Kutoka msikitini, hata viatu sijavaa sawasawa, nikamrushia M-Pesa yote. Nilitaka anione muungwana.

Nyumbani nikapiga hesabu: hatua 200 za mota kwa mzunguko, mara 8 ambazo draiva huigawa kila hatua, mara 50 za giaboksi, ni 80,000 kwa mzunguko mmoja. Nikatia alama ya kalamu kwenye chaki, nikatuma 80,000. Ikazunguka mara moja na robo! Maana yake ni 40 kwa 1. Nikampigia. "Ah, nilichanganya, hiyo ya 40 ni bora, ina nguvu zaidi." Uwiano mdogo una nguvu zaidi, jamani! Nami nikasema sawa, nikabadilisha namba kwenye programu. Mara ya pili hiyo.

Nikafunga mguu wa kwanza wa samadari, kitanda ninachokichonga, mbambakofi safi, unene sentimita nane. Saa ya kwanza nakshi ilitoka tamu. Giaboksi ilipopata joto maua yakaanza kukosana. Pale mwanzo na mwisho wa duara vinapokutana pana pengo la milimita mbili. Nikaitikisa chaki kwa mkono: ka-ka, ka-ka. Nikaifungua. Hamoniki gani! Gia ya parafujo, yaani parafujo inayozungusha gurudumu la meno, kuukuu, meno yameliwa, imeshindiliwa grisi nzito kama halua. Ikiwa baridi grisi inaficha uchezaji, ikipata moto inayeyuka. Na gia ya parafujo ya uwiano huu kwa kawaida hairudi nyuma kwa kusukumwa na mkono, hata ikichakaa, ndiyo maana nilikokotwa kama mbuzi.

Simu yake kwanza ilikuwa "nimo njiani", sasa haipatikani. Polisi nimeripoti. Lakini mtu kama huyu dawa yake ni kupandishwa punda, uso uelekee mkiani, azungushwe kutoka Langoni hadi Mkomani na ile giaboksi shingoni, watoto wampigie makopo. Mguu wa mbambakofi pia aulipe. Na ile swala sijui atamjibu nini Mola wake.

Dalili? Zilikuwepo. Mota ilikaa ubavuni, na hamoniki mota hukaa mstari mmoja na chaki. Nilimuuliza akasema hiyo ni ya kona. Alinikataza kufungua, eti mafuta ya kiwandani. Itikiseni mbele na nyuma, msiisukume upande mmoja kama mimi, na nendeni na kiboksi chenu.

Jina silitaji, waliomo kwenye kazi washamjua. Jana amebandika tangazo tena kwa namba nyingine, bei 28,000. Kitambaa ni kilekile cha samawati.