rsync kwa seva mbili pacha: mkaguzi mzuri, ila hajui nani mkweli

rsync, programu ya kunakili na kulinganisha mafaili kati ya kompyuta, ni ya bure, imo karibu kila Linux, na imekuwepo tangu 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walipoitoa. Kwa hiyo suala la kununua au kutonunua halipo. Ninachotaka kuzungumzia ni kazi yake moja ambayo watu wengi wanaipita: kukagua kwa mkono kama seva mbili zinazodaiwa kuwa sawa ziko sawa kweli.

Kwetu seva moja iko Dar, pacha wake yuko Dodoma. Katikati kuna huduma ya kulipia inayohamisha mafaili yenyewe, usiku na mchana, na ukurasa wake una alama ya kijani muda wote. Kijani kile maana yake foleni imeisha, basi. Hakisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya mafaili. Siku moja mwenzetu wa Dodoma akapiga simu: "Kaka, faili lipo, ukubwa uleule, tarehe ileile, lakini halifunguki." Mtoa huduma alipoulizwa alijibu kwa kututumia picha ya ukurasa wa kijani.

Sasa, ukikimbilia kuandika rsync -av ukaona hakuna kilichohama, usilale. Kwa kawaida yake rsync inatazama vitu viwili tu, ukubwa wa faili na tarehe ya mwisho ya kubadilishwa. Vikilingana, inapita bila kulifungua. Kwa kazi ya kila siku ni busara, maana inakuokolea muda mwingi. Kwa ukaguzi haitoshi hata kidogo. Mfano mzuri ni makasha ya siri ya VeraCrypt, programu ya kufunga data kwa nywila: ukubwa wake haubadiliki, na programu yenyewe kwa kawaida hurudisha tarehe ya zamani baada ya kuandika ndani. Unaweza kuingiza nyaraka za mwezi mzima humo na rsync ya kawaida isione kitu.

Amri ninayoitumia ni hii, kutoka Dar:

rsync -anic --delete /data/ dodoma:/data/

Herufi c ndiyo yenye kazi: inailazimisha isome kila faili lenye ukubwa unaolingana, pande zote mbili, ikokotoe cheksamu (namba fupi inayotokana na yaliyomo) na kuzilinganisha. Herufi n inaizuia isiguse chochote. Inasema tu ingefanya nini. Na i inakupa maelezo ya kila tofauti kwa mstari wake. Hilo --delete linatisha, lakini likiwa pamoja na n halifuti. Bila hilo hutaona mafaili yaliyobaki Dodoma huku Dar yalishaondolewa. Mkwaju (/) wa mwisho baada ya data pia usiusahau, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti kabisa.

Majibu yake ukiyazoea ni matamu. Mstari unaoanza na .f..t...... unasema kilichomo ni kilekile, tarehe tu ndiyo imepishana. Huo hauninyimi usingizi. <f+++++++++ ni faili ambalo Dodoma halijawahi kufika. Unaotisha ni <fc........ wenye c peke yake: ukubwa sawa, tarehe sawa, yaliyomo tofauti. Faili la yule kaka lilikuwa na mstari huo, na halikuwa peke yake.

Gharama ipo. Diski za pande zote zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na watumiaji wataisikia seva ikiwa nzito, kwa hiyo ni kazi ya usiku wa wikendi. Laini ya kati haina shida, maana zinazosafiri ni cheksamu, siyo mafaili. Tangu toleo la 3.2.0 inaweza kutumia cheksamu ya aina ya xxHash, ambayo ni nyepesi kuliko MD5 ya zamani, mradi pande zote ziwe na matoleo mapya. Kwetu tofauti ilikuwa ndogo. Diski ndiyo inayochelewesha. Na ukiondoa n ili irekebishe, inatuma vipande vilivyobadilika tu, ila inajenga faili upya pembeni kabla ya kubadilisha la zamani. Hakikisha Dodoma kuna nafasi ya kutosha faili lako kubwa kuliko yote.

Ninapoipunguzia nyota ni hapa: rsync inaenda upande mmoja na inamwamini chanzo kama askari anavyomwamini mkubwa wake. Faili zima likiwa Dodoma na bovu likiwa Dar, itaupeleka ubovu Dodoma kwa bidii ileile. Kwa hiyo kila mstari wa c peke yake naufuata mwenyewe: sha256sum (amri ya kukokotoa cheksamu ya faili moja) huku, sha256sum kule, kisha nakala ya tatu kutoka bakapu ndiyo inayoamua. Ni kazi ya kuchosha na sijaona programu inayoniondolea. Ninaporekebisha naongeza --backup na --backup-dir ili kinachofutwa kiwekwe kando, pamoja na --max-delete, kwa sababu siku diski ya Dar isipopachikwa, /data/ itaonekana tupu na rsync itataka Dodoma nako kuwe kutupu.

Folda zinazoandikwa na ofisi zote mbili nimeziondoa huko kabisa nikazipa Unison, programu ya kulinganisha mafaili kwa pande zote mbili. Hiyo inakumbuka hali ya mara ya mwisho, kwa hiyo faili likibadilishwa pande zote inaweka alama ya kuuliza katikati ya mishale na kukusubiri uchague. Weka toleo la 2.52 au jipya zaidi kwenye seva zote. Ya zamani yalikuwa yanakataa kuongea kwa kupishana kidogo tu, na wewe huna muda wa kusuluhisha ugomvi huo saa nane usiku.