Bei ya Kuanguka: Tathmini ya Kanuni za Kifo katika Dungeons & Dragons, Pamoja na Zile Tulizoongeza Wenyewe

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2024, ni mchezo wa kuigiza ninaoupenda sana, ambapo kila mchezaji ana mhusika wake katika hadithi, na nimekuwa mwendeshaji wake mezani, yaani anayeisimamia hadithi, kwa muda mrefu wa kutosha kuzika wahusika wengi. Hata hivyo, kanuni zake za kifo sizitumii tena kama zilivyoandikwa. Zimetungwa kwa akili na ni rahisi kukumbuka, lakini zina kasoro moja kubwa: mhusika anaweza kuanguka na kuinuliwa tena na tena bila kulipa chochote.

Kanuni yenyewe ni hii. Mhusika akiishiwa pointi za uhai huzirai, na kila zamu yake inapofika mchezaji hurusha dadu ya pande 20. Akipata 10 au zaidi amefaulu mara moja; akipata pungufu ya hapo amekosa mara moja. Akifaulu mara 3 hali yake hutulia, na akikosa mara 3 amekufa. Dadu ikilala kwenye 1 huhesabiwa kuwa makosa mawili, na ikilala kwenye 20 mhusika huzinduka akiwa na pointi 1 ya uhai. Asiyesaidiwa na mtu, na asiyepigwa tena akiwa chini, ana uwezekano wa kupona unaokaribia asilimia 60. Kama kanuni ingeishia hapo nisingelalamika, kwa maana ile dadu moja inayorushwa huku wenzake wote wamenyamaza ni kati ya mambo bora kabisa katika mchezo huu.

Tatizo huanza kasisi, mhusika mwenye uchawi wa kuponya, anapofungua kinywa. Uchawi mdogo wa ngazi ya 1, unaotamkwa kwa neno moja kutoka umbali wa futi 60 na kumwachia kasisi nafasi ya kufanya jambo jingine katika zamu hiyo hiyo, unatosha kumsimamisha aliyelala. Zaidi ya hayo, madhara yanayopita sifuri hayahesabiwi, isipokuwa pale ziada yake inapofikia uhai wote wa mhusika, ambapo hufa papo hapo. Kwa hiyo wachezaji hujifunza haraka kwamba ni nafuu kumponya aliyekwisha kuanguka kuliko anayeyumba. Toleo la tatu, la mwaka 2000, halikuwa na mwanya huo: uhai ulihesabiwa chini ya sifuri, mhusika alikufa akifika hasi 10, na mponyaji alilazimika kulijaza shimo lote kabla mgonjwa hajafumbua macho. Katika pambano moja na zimwi, mpiganaji wetu alianguka mara 4 na kuinuliwa mara 4. Mara ya mwisho mchezaji wake hakuishika hata dadu. Alikuwa anasoma karatasi yake akichagua pigo la zamu ijayo. Usiku ule ndipo nilipoamua kubadilisha.

Kanuni ya kwanza tuliyoongeza, na ninayoipendekeza kwa meza yoyote, ni kwamba kila anayefika sifuri huinuka na ngazi moja ya uchovu. Katika marekebisho ya 2024 kila ngazi ya uchovu hupunguza 2 katika kila jaribio la dadu ya pande 20, ile dadu ya kujiokoa na kifo ikiwemo, na ngazi ya 6 huua. Usingizi wa usiku mzima huondoa ngazi moja tu, kwa hiyo aliyeanguka mara 3 leo atakuwa na deni hilo hata kesho kutwa. Kwa kanuni za 2014 inafanya kazi pia, ingawa kwa mkwaruzo zaidi, kwa kuwa ngazi 2 za mwanzo haziyagusi mashambulizi wala majaribio ya kujiokoa, kisha ya tatu inayavamia yote kwa pamoja. Tangu tuanze, kasisi wetu huponya mapema, na watu hurudi nyuma wanapoona hatari.

Kanuni ya pili ni ya siri: mchezaji hurusha dadu yake ya kifo nyuma ya kizuizi changu, na matokeo tunayajua yeye na mimi peke yetu. Wenzake hawawezi tena kusema, “Ana kosa moja tu, tumwache zamu mbili zaidi.” Wanakimbia. Haigharimu kitu na wala haiongezi vifo. Inaondoa hesabu tu.

Zipo meza zinazoua mhusika papo hapo afikapo sifuri. Tuliijaribu kidogo tukaiacha, kwa sababu wachezaji waliacha kuwapenda wahusika wao.

Kuhusu ufufuo, kitabu kinauacha uwe ununuzi: kasisi anayefika ngazi ya 5 ya uzoefu anaweza kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika 1 iliyopita, mradi ana almasi ya sarafu 300 za dhahabu. Hapa ninaipa sifa kubwa kanuni ya Matthew Mercer, mwendeshaji mashuhuri wa mchezo huu, inayotaka wenzake wa marehemu wasiozidi 3 watoe kitu au neno katika ibada ya kumwita. Lengo, yaani namba ambayo dadu ya mwisho inapaswa kuifikia, huanzia 10, huongezeka 1 kwa kila ufufuo uliopita, hushuka 3 kwa kila mchango uliofaulu na kupanda 1 kwa ulioshindwa. Kisha mwendeshaji hurusha dadu moja isiyoongezewa chochote. Mwizi wetu aliweka kifuani pa maiti ya mpiganaji ufunguo aliomwibia siku walipokutana. Mpiganaji alikuwa amefufuliwa mara moja kabla, michango miwili ilifaulu, mmoja ulishindwa, na lengo likawa 6. Dadu ilionyesha 5.

Mchezaji wa mpiganaji alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaomba ufunguo ule uzikwe naye. Wiki iliyofuata alikuja na mhusika mpya wa ngazi ile ile waliyokuwa nayo wenzake, kama tunavyofanya daima, kwa kuwa kumshusha chini ya wengine ni kumwadhibu mtu kwa dadu aliyoirusha mwingine.