Unfinished Tales ya Tolkien: Galadriel yupi tumwamini?

Kitabu hiki ni mkusanyo wa maandishi ambayo J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, hakuyamaliza. Ukikinunua kwa ajili ya kusimuliwa, soma kisa cha Aldarion na Erendis: ndoa ya mwanamfalme mpenda safari na mke anayeichukia bahari. Nimekulia Mombasa, ndoa za namna hiyo nazijua kwa majina. Kinakatika kabla ya mwisho, na bado ndicho kitamu kuliko vyote humu.

Mimi lakini nilifuata sura inayohusu Galadriel, bibi mkuu wa Elves (watu wasiokufa wa hadithi hizi), na mumewe Celeborn. Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, alikichapisha kitabu mwaka 1980, baba yake akiwa amekwishafariki miaka saba, na katika sura hii hakujaribu kuficha vurugu. Kaziweka karatasi za mzee mezani, moja baada ya nyingine, hata zinapogombana. Mfalme Amroth katika karatasi moja ni mtoto wa Galadriel. Kwingine ana baba mwingine kabisa. Jiwe la Elessar, kito cha Elves, lina masimulizi mawili, chagua unalotaka.

Kizaazaa chenyewe ni Galadriel. Mwaka 1967, katika maelezo yaliyochapishwa pamoja na mashairi yake yaliyotiwa muziki na Donald Swann, Tolkien alisema bibi huyu alizuiwa kurudi Magharibi, nchi ya heri ng'ambo ya bahari, kwa kushiriki uasi wa Elves walioihama wakiongozwa na Fëanor, naye kwa kiburi akajibu kwamba hana haja ya kurudi. Halafu 1973, katika mwezi wa mwisho wa uhai wake, mzee akageuza: Galadriel hana doa, alipigana dhidi ya Fëanor kule Alqualondë, bandari ambako waasi waliwaua Elves wenzao, na Celeborn, ambaye tulizoea kumjua kama jamaa wa Thingol, mfalme wa Doriath upande huu wa bahari, sasa naye ametoka ng'ambo ya bahari.

Hapo mimi nakataa. Kumbuka Lothlórien, msitu wake katika The Lord of the Rings: Frodo anampa Galadriel ile Pete yenye nguvu kuu, naye anaitamani, anaikataa, kisha anasema amefaulu mtihani na atakwenda Magharibi. Kama hakuwa na deni lolote, mtihani wa nini? Mzee alitaka kumtakasa, akaishia kumpokonya tukio lake kubwa kuliko yote. Kwangu mimi Galadriel ni yule wa 1967, mwenye shingo ngumu.

Kasoro za kitabu: tanbihi zimerundikwa mwisho wa kila kisa, kwa herufi ndogo, na nyingine ndizo zenye utamu wenyewe. Weka vidole viwili katikati ya kurasa na uvumilie. Msomaji ambaye hajamaliza The Silmarillion, kitabu cha Tolkien cha hadithi za kale za ulimwengu huu, asikiguse, atapotea kwenye majina.

Tena usidhani Christopher ameacha kila kitu kama alivyokikuta. Katika kisa hichohicho cha Aldarion mna barua ya Gil-galad, mfalme wa Elves, anayejitambulisha kuwa mwana wa Fingon. Mswada wa baba ulimweka katika tawi jingine la ukoo, la Finarfin, babake Galadriel; ni Christopher aliyebadilisha, ili ilingane na The Silmarillion aliyoichapisha 1977. Alikuja kulisema hilo waziwazi katika kitabu chake kingine, The Peoples of Middle-earth, 1996, na kukiri kwamba kumfanya Gil-galad mwana wa Fingon lilikuwa kosa. Kwa hiyo nunua Unfinished Tales, kinastahili bei yake, ila ukifika kwenye barua ile chukua penseli, ukate Fingon.