Kopo la klipu nne kwa kisanduku cha muhuri: linafaa Mbeya, ila chunga mpira wake

Kwa wanaocheza mchezo wa kuficha visanduku vya mihuri kwenye bustani za mjini ili wengine wavisake kwa vidokezo, kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lenye klipu nne, lile linalouzwa na vyombo vya jikoni pale sokoni Mwanjelwa, ndilo linalohimili mvua za Mbeya kuliko mengine. Kopo la bati la maziwa ya unga huanza kutu kwenye ukingo, na la siagi halina mpira wa kuzuia maji. Sanduku la mbao usijaribu kabisa. Mchwa watalimaliza pamoja na daftari.

Mchezo huu asili yake ni Dartmoor, Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott, mwongozaji wa wageni, aliacha chupa Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao za majina. Siku hizi ndani huwekwa muhuri na daftari. Anayekipata kisanduku anagonga muhuri wake humo, anagonga wa kisanduku kwenye daftari lake, kisha anakirudisha palepale.

Daftari la A6 lina urefu wa milimita 148, hivyo chagua kopo lenye nafasi ya angalau sentimita 16 ndani, ubaki na pa kuweka muhuri. Kabla ya kulificha, lipime: weka tishu kavu ndani, funga klipu zote, lizamishe kwenye ndoo ya maji na jiwe juu yake kwa nusu saa. Tishu ikilowa, angalia kwanza pembe za mfuniko. Mara nyingi mpira umejikunja pale, au kuna unyasi mmoja umebanwa. Unyasi mwembamba kama uzi unatosha kuharibu daftari zima. Chomoa mpira taratibu, ufute, urudishe ukianzia kwenye pembe.

Tatizo la pili watu hulisingizia mvua, kumbe ni baridi. Kopo likifunguliwa mchana wa unyevu, hewa hiyo hufungiwa ndani; usiku wa Juni au Julai inapoa na matone yanatokea chini ya mfuniko. Weka daftari kwenye mfuko wake wa plastiki wa kufunga, muhuri kwenye mwingine, na ongeza vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wino usiuache humo. Ukivuja unachafua kila kitu, na kila msakaji anaweza kuja na pedi yake ya wino.

Muhuri unachongwa vizuri kwenye kifutio kikubwa kwa wembe. Herufi zichongwe kinyume, la sivyo jina litatokea limegeuzwa kwenye karatasi.

Kopo linaloonyesha ndani halifai likiachwa hivyo: waokota chupa watalichukua kama plastiki ya kuuza, na hawana kosa. Lizungushie utepe wa gundi wa karatasi ya kahawia, andika "Huu ni mchezo, si taka, tafadhali rudisha", na mwombe ruhusa msimamizi wa bustani. Muulize pia majani huchomwa wapi, maana moto wa taka umeyeyusha makopo mazuri mengi.

Vidokezo navyo vina makosa yake. "Hatua 40 kuelekea mlima Loleza" kwa mtu mzima wa hatua ya sentimita 75 ni mita 30. Kwa mtoto wa sentimita 50 ni mita 20, naye atachimba maua ya watu bure. Taja kitu kisichohama: nguzo, ngazi, jiwe. Gome la mlingoti (mkaratusi) usilitumie kama alama, linabanduka. Dira ya simu nayo hudanganya karibu na uzio wa chuma, kwa hiyo soma mwelekeo ukiwa umesogea mbali nao.

Klipu ndizo hufa mwanzo. Ukiona mstari mweupe pale inapokunjwa, badilisha kopo kabla ya mvua za Novemba, maana klipu tatu hazibani mpira.